Karanga Saba Kutoka Usukumani

Pale stendi ya Ifakara kuna vijana wanaouza karanga za kukaanga, wanazifunga kwenye vikaratasi vilivyosokotwa kama pembe. Wananijua. Kila asubuhi napita pale kwenda kwenye kibanda changu cha mchele, na kila asubuhi wananijaribu.

"Mama Mchele, leo utakula tu!"

"Sili."

"Zimekaangwa kwa mchanga, mama, zina chumvi!"

"Hata ungezikaanga kwa asali."

Wanasema mimi ni bahili. Hilo silikatai. Muulize mkulima yeyote aliyewahi kuniletea gunia akanambia limejaa. Nitalimwaga, nitalipima debe kwa debe, halafu nitalirudisha na kulipima tena mbele yake huku ananitukana kimoyomoyo. Nahesabu kila kitu mara mbili: magunia, chenji, vikombe vya wageni, hata watoto wangu walipokuwa wadogo, jioni wakiingia ndani. Watu wanadhani biashara ndiyo iliyonifundisha. Siyo biashara. Na karanga siyo ubahili. Mama yangu tumeshamzika sasa, na yeye ndiye mtu pekee niliyekuwa namwonea haya, kwa hiyo naweza kusema.

Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza upande ule wa barabara, ukishatoka Mbingu unaelekea Mlimba. Nikisema ya kwanza simaanishi nzuri. Namaanisha kabla yake palikuwa na majani marefu kuliko lori lililotuleta. Wasukuma wengine waliokuja na ng'ombe waliingia ndani, kuelekea mtoni, kwenye malisho. Baba naye alitaka kuingia. Mama ndiye aliyekataa. Alikuwa amemwacha mama yake Usukumani, mtu mzima, mjane, na yeye ndiye binti pekee. Alimwambia baba maneno ambayo baba aliyarudia kwa miaka mingi akiwa na wageni, kwa kumtania: "Nimekufuata mpaka huku, nitakufuata mpaka mwisho wa dunia. Lakini nijengee mahali nitakapoona gari linalorudi kwetu."

Barabara ile hairudi Usukumani. Inakwenda Ifakara, basi. Ukitaka kufika kwetu kuna Kidatu, kuna Morogoro, kuna Dodoma, na bado hujafika nusu. Lakini kwa mama, kila basi lililokuwa likienda upande wa Ifakara lilikuwa limeelekeza pua kwao.

Tuliishi chini ya turubai kwanza. Jirani wa karibu alikuwa mwanamke wa Kindamba tuliyemwita Mama Anjelina, nyumba yake ilikuwa mwendo wa kuchemsha maharage. Alikuja siku ya tatu na samaki wakavu kwenye kikapu, akamkuta baba anasimika nguzo. Akamtazama. Akatazama nguzo.

"Baba, hapo ndipo maji yanapopita."

"Yanapita lini?"

"Masika."

"Basi yatatukuta tumeshajenga."

"Yatawakuta, ndiyo. Halafu yatawachukua, na sisi tutawafuata na mitumbwi kuokota sufuria."

Baba alicheka, akasimika nguzo nyingine. Usiku ule akahesabu hatua kutoka bondeni mpaka kwenye kichuguu, na kesho yake nguzo zote zilihamia juu bila mtu kusema neno. Masika yalipokuja maji yalisimama hatua tisa kutoka mlangoni. Nilizihesabu mimi.

Basi lilipita mara moja kwa siku kiangazi, kwenda na kurudi. Masika likipotea linaweza kupotea wiki tatu. Treni nayo ilisikika upande wa pili, lakini treni haisimami kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kibuyu. Basi lilisimama, au tuseme lilipunguza mwendo. Dereva alipiga honi mara mbili akiwa na mzigo, na kondakta, ambaye kila mtu alimwita Sukari kwa sababu alitokea Kidatu kwenye miwa, alining'inia mlangoni na kutupa au kukabidhi. Kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyoonekana kutoka barabarani, ikawa posta. Barua za wote waliokaa ndani huko zilishuka kwetu. Mama alizichomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango, na wenyewe walizichomoa walipopita kwenda kusaga au kununua chumvi.

Kazi ya kukimbilia barabarani ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipa, niliishika kwa mbio. Nilikuwa na umri wa meno ya mbele kung'oka, na honi ikilia mara mbili nilikuwa nimeshafika kabla vumbi halijafika.

"Kasichana ka posta!" Sukari alipiga kelele. "Shikamoo hakuna?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Shika kwa mikono miwili, hii imetoka mbali kuliko wewe."

Hivyo ndivyo alivyosema siku ilipokuja ya bibi, mama yake mama.

Ya bibi ilikuwa inajulikana. Ilikuwa barua iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kibiriti, imefungwa pamoja na kitambaa chenye fundo. Ilikuwa imepita mikononi mwa makondakta wanne au watano, na kila mmoja aliiachia harufu yake, dizeli, tumbaku, vitunguu. Kaka yangu Masanja alisoma barua. Sijui kwa nini alihangaika kuifungua. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyeiandika kule, na mjomba alikuwa na barua moja tu kichwani, ile aliyofundishwa darasani: sisi huku wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Mwaka ambao ng'ombe walikufa kwa ukame, wazima wa afya. Mwaka ambao mjomba mwenyewe alivunjika mguu, wazima wa afya, na hofu bado ilikuwa juu yetu.

Mama aliisikiliza barua kama mtu anavyosikiliza mvua iliyoshaisha. Macho yake yalikuwa kwenye fundo. Alilifungua kwa meno, akamimina kwenye kiganja karanga, zile ndogo nyekundu za kwao, zilizomenywa. Saba. Baba, mama, na sisi watoto watano. Alizihesabu. Akazihesabu tena. Halafu uso wake ulifunguka, sina neno jingine, ulifunguka kama dirisha, na akaanza kuimba Kisukuma, akachukua jembe, akatuita. Tulizipanda nyuma ya nyumba, mstari mmoja kwa barua moja. Zikizaa, hatukula. Zilikuwa mbegu. Alizitunza ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya kitanda chake.

Mimi nikajumlisha, kama mtoto anavyojumlisha. Mama anahesabu mara mbili, zikitimia saba anafurahi. Kwa hiyo habari iko kwenye idadi. Bibi anatuhesabu kutoka mbali, na akifika saba ina maana hajamsahau mtu. Nililala na kuamka na hesabu hiyo, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu sikumwambia mtu. Ilikuwa inaeleweka mno.

Siku ninayotaka kuisimulia, mvua zilikuwa zimeacha barabara ipitike, na basi lilikuja likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Honi mara mbili. Mama alikuwa shambani kwa Mama Anjelina, anafundishwa kupandikiza mpunga, kazi ambayo alisema ni ya kuinama kama mwizi. Wanaume walikuwa na ng'ombe. Sukari akaunusa mzigo wa bibi, akanipa.

"Leo bibi yako kapika," akasema.

Na kweli. Nilisikia kabla sijatoka barabarani. Harufu ilipita kwenye kitambaa, ikapita kwenye dizeli ya makondakta wote, harufu ya karanga zilizokaangwa. Tulikuwa kwenye miezi ya ugali na mboga za majani, ugali na mboga za majani. Nilikaa nyuma ya ghala. Nilifungua fundo kwa kucha, polepole, ili nijue kulifunga tena. Zilikuwa saba, ngozi imekuwa nyeusi kidogo, imepasukapasuka. Nikala moja tu, kwa magego, kwa sababu mbele sikuwa na meno. Nikajiambia sita zinatosha, nitasema ilidondoka. Nikala ya pili, na baada ya ya pili hakuna hesabu tena. Nilizila zote, na nikalamba kitambaa.

Halafu nikaogopa. Siyo wizi niliouogopa. Niliogopa mama atafungua, hatakuta saba, na uso wake hautafunguka. Atadhani bibi ametusahau. Nikaingia chumbani, nikapanda juu ya kitanda, nikakishusha kibuyu, nikachukua karanga nyekundu saba, mbichi, zimetoka kwenye mistari ya bibi huyohuyo. Nilizihesabu mara mbili, kama mama. Nikafunga fundo. Nilijiona fundi.

Mama alirudi na tope mpaka magotini. Masanja akasoma: sisi huku wazima wa afya. Mama akafungua fundo kwa meno. Akamimina. Akahesabu. Akainua moja moja, akaitazama kwenye mwanga, akainusa. Akahesabu tena. Na uso ukafunguka, na akaimba kuliko siku zote, akasema, "Mama yangu yule! Mvua yote hii na bado anadunda!" Tukazipanda jioni ileile. Mimi ndiye niliyezifukia kwa mguu. Nilimwona anafurahi na nikajua nimeokoa jambo.

Mstari ule uliota vizuri kuliko mistari yote. Karanga saba, mimea saba. Ilikuwa imetoa majani manne manne basi liliposimama, likasimama kabisa, likazima injini, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mjomba akashuka. Alikuwa amenyolewa kipara.

Mama alikuwa uani anapepeta. Alikiona kipara kabla hajauona uso. Ungo ulianguka, na kuku wakaja mbio wakala, na hakuna aliyewafukuza.

"Mama?" akauliza.

"Tumeshamzika, dada. Ni wiki ya pili."

Walilia hapo hapo, wawili wameshikana. Mama Anjelina alifika, sijui nani alimwita, akafunga khanga kiunoni, akaketi chini na mama, akamshika mgongo. Mimi nilisimama kwenye nguzo ya mlango. Halafu mjomba akasema kitu, na hakukisema kwa ukali, alikisema kama mtu aliyechoka safari.

"Lakini dada, tulikutumia. Alikungoja. Kila siku aliuliza kama basi limeleta mtu."

"Ulinitumia nini? Barua yako ilisema wazima!"

"Barua ni barua. Si uliagana naye wewe mwenyewe, siku mnaondoka? Mbichi, nipo. Zikipita motoni, njoo. Aliniambia nizikaange mbele yake aone. Nilizikaanga, dada. Saba. Nilizifunga kwa mkono huu."

Nakumbuka kuku walikuwa bado wanadonoa.

"Zilikuwa mbichi," mama akasema. "Nimezipanda. Njoo uone, zimeota."

Akamshika mjomba mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, na wote wawili wakasimama juu ya ile mimea saba. Kitu kilichokaangwa hakioti. Hata mimi nililijua hilo, na umri wangu ule. Nililijua pale pale, kwa ghafla, kama mtu aliyesukumwa majini.

Aliporudi ndani mama hakuuliza mtu. Alikishusha kibuyu, akamimina mbegu kwenye ungo, akaketi akahesabu. Moja moja, kwa kidole gumba. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza alizikusanya, akaanza tena mwanzo. Nilikuwa mlangoni. Alipomaliza mara ya pili aliinua macho akanitazama, na mimi nikatazama chini, na hayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Akazirudisha ndani ya kibuyu. Akakitundika.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Shughuli za msiba zilikwisha, mjomba akarudi, na siku chache baadaye honi ikalia mara mbili. Nikaruka. Mama akasema, bila kugeuka, "Kabula, kaa. Aende mdogo wako." Na tangu siku ile hakunituma tena barabarani. Sio siku ile, sio mwezi ule: hakunituma tena. Sukari aliuliza, "Kasichana ka posta kanaumwa?" Nilimsikia kutoka jikoni.

Niliishi na hilo. Nilikua, nikaolewa Ifakara, nikaanza na debe moja la mchele mpaka nikapata kibanda. Mama alibaki kando ya barabara yake. Baba alipokufa tulimwambia aje mjini, akasema mjini mabasi yanasimama kila mahali, utajuaje lililo lako. Nilimtembelea kila nilipoweza. Nilipeleka sukari, nilipeleka khanga, nilimpelekea godoro. Alipokea kila kitu, akashukuru. Lakini alipotaka kuleta kitu mjini, mahindi mabichi au kuku, alimkabidhi Masanja, au mdogo wetu, au mtoto wa Mama Anjelina. Hata mara moja hakunikabidhi mimi mzigo niubebe. Labda wengine hawakuliona. Mimi nahesabu.

Na kila mwaka alipanda karanga nyuma ya nyumba. Ule mstari wa uongo aliupalilia kama mingine, akavuna, akachanganya mbegu. Kwa hiyo tangu hapo hakuna aliyejua karanga ipi ya bibi na ipi ya dhambi yangu.

Mwaka huu, kabla ya mvua, kondakta kijana wa basi la Mlimba alikuja mpaka kibandani. Ilikuwa saa nne asubuhi, nampimia mteja mbishi.

"Mama Mchele ni wewe? Kuna bibi kanipa mzigo wako. Kasema nisimpe mtu mwingine, nikupe mkononi."

Kilikuwa kitambaa chenye fundo.

Mama alikuwa na simu. Masanja aliyekaa naye alikuwa na simu mbili. Nilisikia harufu kabla sijakipokea. Nilifungua fundo kwa meno mbele ya mteja na kondakta, na zilikuwa pale, nyekundu, ngozi imeungua kidogo na kupasuka. Nilizihesabu. Nilizihesabu tena.

"Mama, vipi, hujambo?" mteja akauliza. Nilimwambia ajipimie mwenyewe. Nadhani hilo ndilo lililomtisha.

Nilichukua bodaboda mpaka Mbingu na zaidi ya Mbingu, fundo nimelifumbata mkononi. Njiani nilimpigia Masanja, akaniambia mama ameacha kula siku ya tatu, hataki hospitali, na amemkataza kunipigia. "Kasema ameshakutumia. Nikamuuliza katuma nini, kasema nisiingilie posta."

Nilimkuta kitandani, kibuyu kimening'inia juu yake, amekuwa mdogo. Nilipiga magoti, nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Akanitazama mkononi. "Umezila?"

"Hapana, mayu. Zipo."

"Ngapi?"

"Saba."

"Hesabu tena."

Nilizimwaga juu ya shuka nikahesabu kwa sauti, na yeye akangoja mpaka nikazimaliza.

"Mayu, zile za bibi..."

"Zilipungua saba kibuyuni. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukunipiga? Hukunituma tena barabarani. Miaka yote hii hukunipa hata kuku nikubebee."

Aligeuza uso upande wa barabara.

"Mtoto kaletewa karanga za kukaanga, angezifanya nini?" akasema. "Ni mimi niliyekaa na siri mdomoni kama dhahabu. Ningewaambia ninyi neno moja tu. Kila nikikuona unaruka honi ikilia niliona kosa langu. Sikukutuma kwa sababu nilishindwa kutazama."

"Mimi nilidhani huniamini."

"Najua ulichodhani. Nimekuona unavyohesabu." Akavuta pumzi. "Sasa kula."

"Mayu..."

"Kula. Nilizikaanga mwenyewe, Masanja alinishika mkono. Hesabu nisikie."

Nikala. Moja, mbili. Zilikuwa zimeungua kidogo upande mmoja, na hazikuwa na chumvi, na zilikuwa na ladha ileile ya nyuma ya ghala. Alifumba macho, midomo yake ikihesabu pamoja nami bila sauti. Tano, sita. Saba.

"Tena," akasema.

Nilitazama kiganja. Hakukuwa na kitu, ngozi nyekundu tu zimeshikamana na jasho. Mama alikuwa anangoja. Nikaanza upya, moja, mbili, tatu, mkono mtupu, polepole, nikimhesabia baba, na yeye, na sisi watano, na nilipofika saba hakusema tena.